Kama Ilivyopokelewa

Kabla sijasema neno, naomba kila mwenye simu aitoe. Msiizime, wala msiifungue. Ishikeni tu mkononi. Na kina mama walio nyuma ya pazia, nanyi pia. Najua mnazo, maana katika swala hii ya Alasiri nimesikia moja ikilia upande huo, na mbili zikilia huku kwetu wanaume, tena karibu na safu ya kwanza. Haya. Na yangu hii hapa. Kaeni nazo hivyo hivyo mpaka nimalize, kwa sababu ninalotaka kuwasimulia leo limo ndani ya kitu hiki, na sitaki mtu akae akidhani ninamsema jirani yake.

Ni mfano tu. Msinifuate nje kuniuliza ni mtoto wa nani.

Kulikuwa na kijana mmoja, mwalimu wa madrasa. Alikaa miguuni pa sheikh wake miaka kumi na miwili. Sheikh yule alikuwa na utaratibu wake, nao ndio utaratibu wa walimu wetu wengi wa zamani: hakumruhusu mwanafunzi kufundisha kitabu chochote mpaka kwanza akae mbele yake akisome chote, neno kwa neno, kuanzia bismillahi hadi mstari wa mwisho. Kisha alimtaka ataje amekipokea kwa nani, na huyo alikipokea kwa nani, na huyo naye kwa nani. Kijana wetu aliweza kutaja majina ya walimu tisa, mmoja nyuma ya mwingine, kama unavyotaja majina ya babu zako.

Siku moja, akiwa bado mdogo, alisoma kitabu mpaka karibu na mwisho, akaona jua limekuchwa na njaa inamuuma, akakifunga.

"Sheikh, kilichobaki ni kidogo tu," alisema. "Nakijua."

"Nenda nyumbani ukale," sheikh alimjibu. "Kesho utaanza mwanzo."

"Mwanzo kabisa, Sheikh?"

"Mwanzo kabisa. Mtu aliyekiandika aliona yale ya mwisho yana kazi, ndiyo maana akayaandika. Wewe ni nani uyaache?"

Kijana aliumia, lakini alianza mwanzo. Nimewaambia hili mapema ili mjue kwamba hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa ovyo. Alifundishwa. Alijua.

Sasa kijana huyu akawa na kundi la WhatsApp. Kundi la vijana wa msikitini kwao, watu mia mbili na zaidi, na yeye ndiye admini. Lilikuwa kundi zuri. Walikumbushana swala, walichangishana kwenye misiba, walipongezana kwenye harusi. Akiandika yeye, wote walisoma, kwa sababu alikuwa ustadhi wao.

Ikaja siku, zahanati ikatangaza kwamba Alhamisi inayofuata kutakuwa na chanjo ya surua kwa watoto wote waliotimiza miezi tisa. Gari la matangazo lilipita mitaani. Basi kundini kukawaka moto! Mmoja akaandika kwamba sindano hizi ni mpango wa kutumaliza. Mwingine akaleta picha ya mtoto mwenye vidonda, haijulikani ni wa nchi gani. Mwingine, kijana wa kidato cha nne, akaandika, "Mimi nimefanya utafiti," na utafiti wenyewe alikuwa ameufanya kitandani, amelala chali, akitelezesha kidole. Mmoja akasema mama yake mzazi alichanjwa utotoni na yuko salama hadi leo, wakamtumia stika ya kondoo. Walibishana siku mbili nzima. Na ninyi wazee msicheke, maana kundi lenu la mazishi nimeliona.

Lakini niwaulize, vijana wangu. Katika watu mia mbili wale, ni wangapi walikuwa na mtoto wa miezi tisa? Hawakufika wanne. Waliobaki walikuwa wakibishana juu ya miili ya watoto wa watu wengine, na watoto wenyewe hawana simu.

Siku ya pili jioni kijana wetu akaletewa ujumbe wa sauti. Sauti ya mwanamke, ya utulivu, ya mtu anayejua anachosema. Dakika saba. Kijana alikuwa amesimama mlangoni pa madrasa, wanafunzi wamekwisha kukaa ndani wakimsubiri. Akaweka simu sikioni. Yule mwanamke akaanza: "Ndugu zangu, nisikilizeni kwa makini. Chanjo hii inayokuja Alhamisi inaharibu vizazi. Mtoto akichomwa, miguu itapooza. Wameileta kwetu kwa sababu huko kwao wameikataa..."

Kijana alisikiliza kwa muda wa kama nusu dakika. Mwili ukamsisimka. Palepale akautuma kwenye kundi la vijana, akautuma kwenye kundi la wazazi wa madrasa, akautuma kwenye kundi la familia yao. Juu yake akaandika, "Sikilizeni, hii ni elimu." Na chini yake akaandika maneno mawili mnayoyajua wote, kwa sababu mmekwisha kuyaandika: Kama ilivyopokelewa. Kisha akatia simu mfukoni, akaingia kufundisha.

Kulikuwa na binti mmoja kundini, fundi cherehani. Huyu kazi yake ilimpa nafasi ambayo wengi hatuna: miguu ikikanyaga na mikono ikisukuma kitambaa, masikio yako huru. Aliuweka ujumbe ule pembeni ya mashine akausikiliza wote. Akaandika kundini:

"Ustadhi, samahani. Umesikiliza mpaka mwisho?"

Ustadhi alipotoka darasani akaliona swali. Hakupendezwa. Akajibu, "Dada yangu, ujumbe umeeleweka. Tusiwachoshe watu."

Zikashuka emoji za kucheka, thelathini na kitu. Naye, akiona Magharibi inakaribia na mabishano hayaishi, akalifunga kundi, ikawa anayeweza kuandika ni admini peke yake. Binti yule alibaki na maneno yake mkononi. Akamwandikia ustadhi pembeni, yeye peke yake. Ustadhi aliona jina lake limeingia, akasema moyoni, huyu anataka ubishi, hakufungua.

Sasa nendeni nami kwa dada yake.

Dada yake aliolewa kijiji cha mbali kidogo. Ndiye aliyemlea ustadhi huyu baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, alimpeleka chuoni kwa mara ya kwanza amemshika mkono, na aliposikia mdogo wake ameruhusiwa kufundisha, alilia mbele za watu bila aibu. Dada huyu alikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa. Watu wote katika mfano wangu sikuwapa majina, lakini mtoto huyu nitampa, kwa sababu yeye peke yake hakumtumia mtu yeyote kitu chochote. Aliitwa Mwanaidi. Alizaliwa Idi mosi, kabla watu hawajarudi kutoka kuswali.

Jumatano ile dada alikuwa amekwisha kujitayarisha. Amefua gauni la mtoto, kadi ya kliniki ameitia ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Ujumbe ukaingia. Alisikiliza mwanzo wake, aliposikia habari ya miguu kupooza akamtazama Mwanaidi aliyekuwa ndiyo kwanza anajishika kwenye stuli asimame, akauzima. Hakuweza kuendelea. Ninyi mngeweza? Akampigia mdogo wake.

"Mdogo wangu, hii uliyotuma ni kweli?"

"Dada, mimi nikutumie uongo?"

"Hapana, nauliza tu. Kesho ndiyo siku yenyewe, na kadi nimekwisha kuitoa."

"Basi irudishe ndani. Tumtegemee Mwenyezi Mungu."

"Haya, baba. Wewe ndiye uliyesoma."

Akairudisha kadi. Alhamisi ikapita. Mwanaidi hakuchanjwa, na kwa kuwa dada alikuwa mtu wa kusikilizwa kijijini, wanawake wengine wawili hawakwenda.

Miezi miwili baadaye surua iliingia kijiji kile. Watoto waliochanjwa walicheza. Mwanaidi alianza na homa na kikohozi, macho mekundu, kisha vipele kuanzia nyuma ya masikio hadi nyayoni. Siku ya tano macho yalifumba kwa usaha. Walimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali ya wilaya, mama amemkumbatia kifuani, amemfunika na khanga jua lisimuumize. Ustadhi alipopata habari aliacha darasa likiwa katikati, akaenda mbio.

Alikuta mtoto amelazwa, macho yamefungwa pamba. Dada amekaa ukingoni mwa kitanda. Hakumlaumu, alimsogezea tu nafasi akae. Na hapo ndipo nesi alipoingia, akawa anawaeleza habari ya dawa, ipi asubuhi na ipi jioni. Ustadhi aliinua kichwa. Sauti ile anaijua. Sauti ya utulivu, ya mtu anayejua anachosema.

Akasimama.

"Wewe! Si wewe uliyesema chanjo inapoozesha watoto? Nimekusikia kwa masikio yangu mawili. Na leo uko hapa umevaa nguo nyeupe?"

Nesi hakukasirika. Akamuuliza, "Kaka, ulisikiliza mpaka mwisho?"

Mnalikumbuka swali hilo? Alikwisha kuulizwa.

"Bado unao?" nesi akasema. "Utoe. Bonyeza."

Ustadhi akautafuta, akaupata, akabonyeza. Wakausikiliza pale kitandani, wote watatu. Dakika ya kwanza, maneno yale yale. Vizazi. Miguu. Wameikataa huko kwao. Dakika ya pili, hivyo hivyo. Kisha sauti ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi, ikasema:

"Hayo ndiyo maneno niliyoletewa na kina mama kliniki juma hili. Nimeyasema yote ili mjue kwamba nimeyasikia. Sasa ndugu zangu, mimi ni nesi, nimechanja watoto miaka kumi na sita, na wanangu wote nimewachanja kwa mkono wangu. Hayo niliyoyataja si kweli, na nitawaeleza moja moja kwa nini..."

Na akaeleza. Dakika tano nzima. Taratibu, bila kumtukana mtu. Alieleza surua inavyofanya kifuani, inavyofanya masikioni, inavyofanya machoni. Na maneno yake ya mwisho kabisa, baada ya hayo yote, yalikuwa: "Kwa hiyo nawaomba, Alhamisi mleteni mtoto. Nitakuwepo mimi mwenyewe, nitawasubiri."

Nesi ndiye aliyesema kwanza. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilianza na uongo, nikidhani watu watanisubiri nifike kwenye ukweli."

Dada alikuwa bado anaitazama ile simu. Alikuwa anaitazama kama mtu anayeoneshwa kitu kilichopotea kwake, nacho kilikuwa ndani ya nyumba. Akamgeukia mdogo wake, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Kumbe alikuwa hajamaliza kusema?"

Ndugu zangu, kijana yule angalitukanwa angalistahimili. Angalipigwa angalistahimili. Neno lile hakulistahimili. Alitoka nje, akakaa chini kwenye ukuta wa wodi, akafungua ule ujumbe wa binti fundi cherehani uliokaa miezi miwili bila kusomwa. Uliandikwa: "Ustadhi, huyu mama anapinga uongo, haungi mkono. Iko dakika ya tatu. Tafadhali waambie watu."

Mwanaidi hakufa, alhamdulillahi. Surua iliondoka, lakini macho hayakurudi. Ustadhi aliandika kwenye makundi yale yale matatu, akakiri kosa lake kwa jina lake, akaomba radhi. Waliousoma ujumbe wa toba walikuwa watu kumi na wanne. Ule wa kwanza mpaka leo unatembea, umekatwa na watu wasiojulikana, umebaki dakika mbili za mwanzo peke yake.

Sasa tujiseme sisi.

Sikuja hapa kumkataza mtu kuuliza. Mzazi anayeuliza ni nini kinaingia mwilini mwa mwanawe ana haki, na zahanati haina budi kumjibu kwa adabu. Binti fundi cherehani aliuliza, na katika kundi lote lile swali la maana lilikuwa lake, nasi tulimcheka. Ninachouliza mimi ni hiki: yale maneno mawili tunayoyaweka chini, kama ilivyopokelewa, tunayaweka kwa ajili gani? Si ili tukiulizwa tuseme, mimi sikusema, mimi nilipitisha tu? Tunataka tusikilizwe kama walimu na tusiulizwe kama watoto. Kijana yule angeleta hadithi mbele ya sheikh wake bila kutaja ameipokea kwa nani, angefukuzwa barazani. Angesoma nusu ya kitabu, angeambiwa rudi kesho uanze mwanzo. Kwa kitabu alijua. Kwa mtoto wa dada yake akasahau. Ustaarabu wote aliofundishwa kwa miaka kumi na miwili aliuacha mlangoni pa madrasa, pamoja na viatu, akasimama hapo na simu sikioni kwa nusu dakika.

Na sisi je? Tunapokea kwa nani? Huyo alipokea kwa nani? Tumesikia nusu au tumesikia yote? Mimi mzee wenu nakiri, mwezi huu nimetuma vitu ambavyo sikuvimaliza. Nimevituma kwa sababu vilinitisha, au kwa sababu vilinifurahisha, au kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza. Naogopa, wallahi. Naogopa kusimama siku ile, siku hakuna admini wa kufunga kundi, na aliyeumizwa na nilichotuma asimame pembeni yangu, nami niseme kwa Mola wangu, kama ilivyopokelewa.

Mwanaidi sasa ana miaka minne. Watu anawajua kwa sauti. Mjomba wake akifika uwanjani na kusema hodi, mtoto huacha mchezo, huinamisha kichwa upande mmoja, hutulia. Mjomba huanza kueleza: nimetoka huku, nimekuletea hiki, shangazi anakusalimu. Watoto wengine hudakia, huvuta mfuko. Yeye hapana. Husubiri mpaka mjomba atakapomaliza kabisa, mpaka neno la mwisho, na hapo ndipo humjibu. Dada anasema kila mara inapotokea hivyo, mdogo wake hugeuza uso pembeni, ingawa mtoto hawezi kumwona analia.

Nimemaliza kusema, ila kuna kazi. Simu bado ziko mikononi mwenu. Zifungueni. Kila mmoja atafute kitu kimoja alichomtumia mtu mwezi huu bila kukisikiliza au kukisoma chote. Kipo, mtakipata. Kisikilizeni sasa, mpaka mwisho, na mkikuta ni uongo, mpigieni mliyemtumia kabla hamjavaa viatu. Mola atupe masikio yenye subira na atusamehe tuliyokwisha kuyatuma.

Mimi nakaa hapa hapa. Magharibi bado mbali, na natafuta changu.